Mbuni Ana Mizani Ngapi? Skripti Fupi za Tarakilishi katika Uchunguzi wa Arudhi

Utangulizi

Makala haya yananuia kumwonyesha mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili namna anavyoweza kutumia lugha ya programu yenye mwelekeo wa vitu, hususan Python, kuandika skripti fupi za kuchunguza mizani ya mashairi. Skripti ni programu ndogo ambayo aghalabu haizidi ukurasa mmoja, isiyo na madirisha wala picha za kubofya. Mtumiaji huandika amri moja kwenye kidirisha cha amri, naye hupewa jibu papo hapo, mstari kwa mstari.

Huenda msomaji akajiuliza ushairi na tarakilishi vinakutania wapi. Vinakutania kwenye hesabu. K. Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mnamo 1954, na tangu hapo, hasa katika mgogoro wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, mizani imekuwa mojawapo ya vipimo ambavyo kwavyo tungo hukubaliwa au hukataliwa kuwa shairi. Hadi leo mwanafunzi huandika bila kusita kwamba mtunzi fulani amekiuka arudhi katika ubeti wa tatu. Hiyo ni tuhuma nzito, na nyuma yake pana mtu mmoja aliyehesabu silabi kwa vidole, usiku, huku macho yakimwuma. Utendi wa Tambuka, unaorejeshwa kwenye mwaka wa 1728, una beti zaidi ya 1,100. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo unatarajiwa kuwa na mizani minane. Hiyo ni mizani zaidi ya 35,000. Ni vidole vya nani vitakavyofika huko bila kuruka hata silabi moja?

Hata hivyo, simwahidi msomaji kwamba tarakilishi itamaliza ubishi. Ninachodai ni kwamba itamlazimu anayehesabu kuitamka wazi kanuni anayoifuata, na kwamba kanuni hiyo, ikitamkwa kwa ukamilifu, itamrudisha kwenye mada aliyodhani ameiacha katika darasa la sarufi: ngeli.

Mstari wa amri

Desturi ya kuandika amri badala ya kubofya ilikita mizizi katika mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mnamo 1973 mfumo huo uliongezewa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa mtu wa matini: bomba. Matokeo ya programu moja hupitishwa moja kwa moja hadi kwenye programu nyingine, kama maji yanavyopita kutoka tangi hadi mferejini. Programu moja husoma, ya pili huhesabu, ya tatu huchuja. Hakuna inayojua mambo ya mwenzake.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Amri iliyoandikwa ni kumbukumbu. Mtafiti aliyebofya hapa na pale hawezi kumweleza mtahini wake alichofanya. Aliyeandika amri anaweza kuinakili ndani ya tasnifu, na mtahini akaiendesha mwenyewe juu ya diwani ile ile na kupata matokeo yale yale.

Tuanze na skripti isiyo na makuu. Fungua faili jipya katika kihariri cha matini sahili, uandike mistari ifuatayo, kisha ulihifadhi kwa jina mizani.py:

import re, sys
for mshororo in sys.stdin:
    irabu = re.findall("[aeiou]", mshororo.lower())
    print(len(irabu), mshororo.strip())

Mistari minne tu. Wa kwanza unaita zana mbili: moja ya kutafuta ruwaza katika matini, nyingine ya kuwasiliana na kidirisha cha amri. Wa pili unasema: chukua kila mshororo unaoingia. Wa tatu unakusanya irabu zote za mshororo huo, na wa nne unachapisha idadi yake pamoja na mshororo wenyewe. Shairi likiwa limehifadhiwa katika faili shairi.txt, skripti huendeshwa hivi:

python3 mizani.py < shairi.txt

Na kama diwani nzima imo katika kabrasha moja, kila shairi kwa faili lake, anayetumia Linux au Mac anaweza kutaka aonyeshwe tu mishororo ambayo haikufika au imepita mizani 16:

cat *.txt | python3 mizani.py | grep -v "^16 "

Hilo ndilo bomba nililolitaja. Mistari mitupu baina ya beti itaonekana na tarakimu 0, na si hasara, kwa sababu huonyesha mpaka wa ubeti.

Vitu viko wapi?

Msomaji makini atasema: umetuahidi lugha yenye mwelekeo wa vitu, mbona sijaona kitu? Ukweli ni kwamba vimo. Katika lugha ya aina hii kila kipande cha habari ni kitu chenye sifa zake na matendo yake, na mtumiaji hukiagiza kitende. Tulipoandika mshororo.lower() tuliuagiza mshororo ujigeuze kuwa wa herufi ndogo. Tulipoandika mshororo.strip() tuliuagiza ujipanguse nafasi za pembeni. Hatukuhitaji kujua unafanyaje.

Fikra hii ilizaliwa Norwe katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula kwa ajili ya kuigiza shughuli za ulimwengu halisi ndani ya tarakilishi. Lugha zilizofuata ziliichukua kwa viwango tofauti. Java, iliyotolewa 1995, kwa miaka mingi ilimlazimu mwandishi kutangaza jamii nzima ya vitu hata pale alipotaka kuchapisha neno moja tu. Ni kama kumwandalia mgeni karamu ilhali ameomba maji. Kwa skripti fupi, ukali huo unachosha. Python ya Mholanzi Guido van Rossum, iliyotolewa 1991, na Ruby ya Mjapani Yukihiro Matsumoto, iliyotolewa 1995, huchukua njia ya kati. Kila kitu ndani yake ni kitu, lakini hakuna anayekulazimisha kuunda jamii mpya ya vitu kabla hujaihitaji. Ushauri wangu kwa anayeanza ni asiiunde. Mistari minne ikitosha, iwe minne.

Neno kuhusu istilahi. Kile ambacho wataalamu wa tarakilishi hukiunda ili vitu vya namna moja vifuate mwongozo mmoja, mimi nimekiita jamii. Ningependelea kukiita ngeli, kwani ngeli nayo ni mpango wa kuyapanga majina na kuamua yatakavyoandamana na maneno mengine. Lakini makala yenye ngeli za namna mbili yangemchosha msomaji bure.

Pale kanuni sahili inapokwama

Tuijaribu skripti yetu. Nimeunda mshororo wa mfano, usio na thamani ya kifasihi, ambao ukwapi wake una mizani minane na utao wake minane:

Mtu mbaya hafai, nyumba mbaya haifai

Kwa ulimi wa Mswahili, ukwapi ni m-tu-m-ba-ya-ha-fa-i, na utao ni nyu-mba-mba-ya-ha-i-fa-i. Nane kwa nane. Skripti yetu, hata hivyo, inatoa 14, kwa kuwa inahesabu irabu tu, ilhali nazali m inaweza kusimama peke yake kama silabi. Basi tuongeze kanuni: kila m inayofuatwa na konsonanti ihesabiwe. Sasa tunapata 18, kwa sababu m ya nyumba nayo imeingia, pamoja na ile ya mbaya ya pili. Tupunguze: m ihesabiwe ikiwa mwanzoni mwa neno pekee. Tunapata 17. Tuseme basi m inayofuatwa na b isihesabiwe kamwe. Tunapata 15.

Hakuna kanuni hata moja ya herufi itakayotoa 16, na sababu iko wazi. Neno mbaya limo mara mbili katika mshororo huo, limeandikwa kwa herufi zile zile, lakini mara ya kwanza lina mizani mitatu na mara ya pili miwili. Katika mtu mbaya, m ni kiambishi cha upatanisho kilichobandikwa kwenye shina -baya, nacho hutamkwa kikiwa silabi kamili. Katika nyumba mbaya, m imeshikana na b kuwa sauti moja. Sikio hulijua hilo bila kufikiri. Maandishi hayalionyeshi.

Si vivumishi pekee. Mvuvi ana mizani mitatu, mvua ina miwili. Na lipo jina lililonipa kichwa cha makala haya. Mbuni anayebuni, yaani mtunzi, ni m-bu-ni. Mbuni unaozaa buni za kahawa ni m-bu-ni pia. Lakini mbuni ndege, yule mrefu wa shingo asiyeruka, ni mbu-ni, mizani miwili.

Hapa ndipo panapoibuka jambo ambalo naamini linastahili kujadiliwa katika madarasa yetu. Mwanafunzi wa Kenya amefunzwa kuzipanga ngeli kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, I-ZI na kadhalika. Kwa mpango huo mbuni mtunzi na mbuni ndege wote wamo katika A-WA, kwa kuwa wote wana uhai: mbuni anaandika, mbuni anakimbia. Mpango huo hautusaidii kuwatofautisha. Ule mpango wa kale wa kimofolojia, unaoangalia viambishi vya majina yenyewe, ndio unaowatenganisha: mtunzi yumo pamoja na mtu na watu, ndege yumo pamoja na nyumba na ngoma. Lakini tukiugeukia mpango huo kwa kila neno, tunakwama upande wa pili. Mbuni ndege akisifiwa vibaya huwa mbuni mbaya, na hapo kivumishi hufuata uhai wake, si umbo la jina lake: mbu-ni m-ba-ya, mizani mitano. Mtunzi mbaya naye ni m-bu-ni m-ba-ya, sita.

Kwa hivyo nomino huhesabiwa kwa kiambishi chake, na kivumishi huhesabiwa kwa upatanisho wake. Mvutano wa mipango miwili ya ngeli, ambao wengi wetu huusoma ili kujibu swali la mtihani, umejitokeza ndani ya mshororo mmoja wa shairi, na katika hesabu ya mizani hakuna upande unaoweza kushinda peke yake.

Jamii za maneno

Sasa tunahitaji jamii za vitu. Tunataka neno lijibu swali moja, "una mizani mingapi?", lakini nomino ilijibu kwa njia yake na kivumishi kwa njia yake. Jamii ya jumla huitwa Neno. Nomino na Kivumishi huirithi, kila moja ikiongeza lake:

class Neno:
    def __init__(self, umbo, alama=""):
        self.umbo = umbo.lower()
        self.alama = alama
    def mizani(self):
        irabu = re.findall("[aeiou]", self.umbo)
        m_pweke = re.findall("m(?=[^aeiouwybv])", self.umbo)
        return len(irabu) + len(m_pweke)
    def ina_mb(self):
        return bool(re.match("m[bv]", self.umbo))

class Nomino(Neno):
    def mizani(self):
        jumla = super().mizani()
        if self.ina_mb() and self.alama == "m":
            jumla += 1
        return jumla

class Kivumishi(Neno):
    def mizani(self):
        jumla = super().mizani()
        if self.ina_mb() and self.alama not in ("i", "zi"):
            jumla += 1
        return jumla

Jamii ya Neno inahesabu irabu zote, kisha inaongeza m yoyote inayofuatwa na konsonanti isiyo w, y, b wala v. Kwa hiyo mtu hupata mbili, mmoja hupata tatu, mwalimu hupata tatu. Maneno yanayoanza kwa mb au mv huachiwa jamii ndogo. Nomino huuliza: je, m hii ni kiambishi cha mtu au cha mti? Kivumishi huuliza: je, napatanishwa kwa i au zi, kama nyumba, sukari na kuta? Kama sivyo, m ni silabi. Mbaya wa mtu huandikwa Kivumishi("mbaya", "a") na kujibu 3. Mbaya ya nyumba huandikwa Kivumishi("mbaya", "i") na kujibu 2. Mshororo wetu unafika 16.

Mwenye kupenda ufupi atasema haya yote yangefanyika kwa kanuni chache za "ikiwa" ndani ya skripti ya kwanza. Yangefanyika, mradi maneno yabaki ya namna mbili. Lakini vitenzi vinakuja, na maneno mafupi kama nchi, nta, mbwa na mvi, ambayo nazali yake husimama peke yake kwa kuwa kilichobaki ni silabi moja tu, nayo yanataka kanuni yao. Msururu wa "ikiwa" ukifika kumi na tano, hata aliyeuandika hawezi kuusoma. Jamii huwekea kila kanuni nyumba yake.

Nani atakayeziweka alama hizo? Mtafiti. Kazi hiyo si kubwa kama inavyoonekana, maana ni maneno ya mb na mv pekee yanayozihitaji. Amri hii huyaorodhesha yote, pamoja na nambari za mistari yaliyomo:

grep -inow "m[bv][a-z]*" shairi.txt

Ipo njia ndefu zaidi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kuunda kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, na chuo hicho kina kopasi ya Kiswahili iliyowekewa alama za kisarufi. Anayefanya uchunguzi wa diwani nyingi kwa pamoja hana budi kuelekea huko. Kwa diwani moja, kalamu na subira vinatosha. Wapo pia watakaoziuliza programu za akili unde ziwahesabie mizani. Zitawapa tarakimu, lakini kanuni iliyozaa tarakimu hiyo haitakuwa mikononi mwao. Afadhali waziulize ziwaandikie skripti, ambayo wataisoma na kuisahihisha wenyewe.

Maneno ya mkopo na alama ya ng'

Haya nayapitia kwa haraka. Wapo wanaoligawa neno daktari kuwa da-k-ta-ri na wapo wanaoligawa dak-ta-ri. Labda na maktaba vivyo hivyo. Skripti yetu inafuata mgawanyo wa pili kwa sababu haihesabu konsonanti pweke isipokuwa m. Anayefuata wa kwanza aunde jamii ya NenoMkopo, na aseme hivyo katika tasnifu yake. Matini za kale za Kiamu zina maumbo yake, mathalan nti mahali pa nchi, na kanuni ya maneno mafupi iyazingatie. Aidha, kihariri cha kawaida cha ofisini hugeuza alama ya ng' kuwa ya kupinda, na skripti inayotenga maneno kwa herufi italikata neno ng'ombe vipande viwili. Hifadhi matini kwa usimbaji wa UTF-8 na utumie alama moja kote.

Kitenzi

Vitenzi ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa sababu m ya mtendwa hukaa katikati ya neno. Kumbe ni ku-mbe, lakini kumbeba mtoto ni ku-m-be-ba. Kumbuka ni ku-mbu-ka, lakini kumbusu ni ku-m-bu-su. Jamii ya Kitenzi italazimika kujua mzizi: ukiwa na b mwanzoni, kama -beba, -busu na -bana, basi m iliyo mbele yake ni mtendwa, mb ikiwa ndani ya mzizi, kama -omba, -imba na -umba, basi haitengwi.

Hata mzizi hautoshi wakati wote. Tazama neno waliombana. Likitokana na -omba, ni wa-li-o-mba-na, mizani mitano: watu walioombana wenyewe kwa wenyewe. Likitokana na -bana, ni wa-li-o-m-ba-na, mizani sita: wale ambao walimbana mtu fulani. Mshairi akiliweka neno hili katika ukwapi, mhakiki mmoja atahesabu minane na mwingine tisa, na huyo wa pili ataandika kwamba arudhi zimevunjwa. Inawezekana kabisa kwamba hakuna kilichovunjwa ila maana iliyosomwa vibaya; na inawezekana pia kwamba hesabu yenyewe ndiyo inayotuonyesha maana ipi mshairi aliikusudia, iwapo tunajua kwamba kwingineko kote katika utungo huo hatoki nje ya minane.

Kwa neno la namna hiyo tendo la mizani lisitoe jibu moja. Litoe yote mawili, 5 na 6, na skripti iuchapishe mshororo huo ukiwa na alama ya kuuliza badala ya kuuhesabu miongoni mwa iliyokiuka. Maneno yote yaliyopata alama hiyo yawekwe katika faili moja, kila moja likifuatwa na uamuzi wa mtafiti na sababu yake kwa sentensi moja. Faili hilo, pamoja na skripti, liambatishwe mwishoni mwa tasnifu, ili mtahini asiyekubaliana na uamuzi fulani aweze kuubadilisha, aiendeshe amri upya, na kuona ni mishororo mingapi iliyohama kutoka safu ya makosa.